Takwimu za nidhamu: Namna daftari la shule linavyoweza kumfaa mwanafunzi kabla hajaadhibiwa

KATIKA shule nyingi humu nchini kuna daftari ambalo wanafunzi huliogopa na walimu hulisahau. Humo huandikwa majina ya waliochelewa, waliopigana, waliotoroka darasani na waliomjibu mwalimu kwa ufidhuli. Kwa kawaida daftari hilo hufunguliwa mara mbili tu: siku kosa linapotendeka, na siku mzazi anapoitwa ofisini kuonyeshwa orodha ya makosa ya mwanawe kabla ya kukabidhiwa barua ya kumrudisha nyumbani.

Baina ya siku hizo mbili hakuna anayelisoma. Hakuna anayeuliza kwa nini majina mengi yameandikwa Jumatatu, wala kwa nini ugomvi huzuka katika foleni ya chakula zaidi kuliko darasani. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa maana maandishi yayo hayo yaliyokusanywa ili mtoto mmoja aadhibiwe yangeweza kuionyesha shule mahali inapokosea yenyewe.

Matumizi ya takwimu katika kukuza tabia njema miongoni mwa wanafunzi ni taaluma iliyokwisha kukomaa katika nchi kadhaa, na baadhi ya majaribio yake yaliyofanywa kwa makini zaidi yamefanyika hapa Afrika Mashariki. Makala haya yanaieleza taaluma hiyo na kuitazama kwa mazingira ya shule za Awendo, katika Kaunti ya Migori, pamoja na jirani yake Homa Bay.

Kumbukumbu ambazo sheria ilidai

Wazo la kuweka kumbukumbu za nidhamu si geni nchini Kenya. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka wa 1972 ziliruhusu kiboko, lakini kwa masharti. Mwanafunzi alipaswa kuchapwa na mwalimu mkuu au mbele yake, baada ya uchunguzi kamili, pasipo wanafunzi wengine kutazama, viboko visizidi sita, na kila tukio liandikwe. Yamkini waliozitunga kanuni hizo walidhani kwamba mwalimu anayelazimika kuandika kila kiboko hatakuwa mwepesi wa kuinua mkono.

Mambo hayakuwa hivyo. Shirika la kutetea haki za kibinadamu la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti yake kuhusu shule za Kenya mwaka wa 1999, lilieleza jinsi masharti hayo yalivyokuwa yakivunjwa kila siku, walimu wa kawaida wakichapa darasani mbele ya wote kwa makosa madogo kama vile kuchelewa au kupiga kelele. Mwaka wa 2001 serikali ilizifuta kanuni hizo kupitia Tangazo la Kisheria nambari 56. Baadaye, Katiba ya mwaka wa 2010 ilimhakikishia kila mtoto ulinzi dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika kifungu cha 36, inaharamisha kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili.

Kiboko kiliondolewa, lakini kilichowekwa mahali pake kilikuwa hafifu. Shule ziliagizwa ziwe na idara ya ushauri nasaha, na mara nyingi idara hiyo ikawa ni mwalimu mmoja mwenye vipindi vyake kamili vya kufundisha na chumba kinachotumiwa pia kuhifadhi vifaa vya michezo. Ndiyo maana kila wanafunzi wanapozua vurugu, wito wa kurejesha kiboko husikika upya. Mapema mwaka wa 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alikuwa miongoni mwa waliopendekeza kirejeshwe.

Mjadala huo haukomi kwa sababu pande zote mbili hubishana bila hesabu. Hesabu zipo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulifanywa mwaka wa 2010 na kurudiwa mwaka wa 2019. Katika ule wa kwanza, asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume wenye umri wa kati ya miaka 18 na 24 walisema walitendewa ukatili wa kimwili utotoni. Katika ule wa pili, viwango hivyo vilikuwa vimeshuka hadi takriban asilimia 39 na asilimia 52. Tarakimu hizo zinahusu ukatili wa nyumbani, shuleni na kwingineko, kwa hivyo hazithibitishi kwamba marufuku pekee ndiyo iliyoleta nafuu. Hata hivyo, anayedai kwamba vijana wa siku hizi wameharibika kwa kukosa kichapo afahamu kuwa zaidi ya nusu ya wavulana wa kizazi hicho walikipata.

Maswali matano ya Oregon

Mfumo unaojulikana zaidi wa kutumia takwimu kwa ajili ya tabia njema ulikuzwa katika miaka ya 1990 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, wakiwemo George Sugai na Robert Horner. Msingi wake ni mwepesi. Shule huchagua kanuni chache, tatu hadi tano, zinazosema mwanafunzi afanye nini badala ya kuorodhesha yaliyokatazwa. Kanuni hizo hufundishwa kama somo lolote lile: mwanafunzi huonyeshwa namna ya kupanga foleni, namna ya kumwomba mwalimu ruhusa, namna ya kuondoka uwanjani kengele inapolia. Anayezifuata hutambuliwa na kusifiwa. Anayezikiuka hurekebishwa, na tukio huandikwa.

Kinachoutofautisha mfumo huo na mahubiri ya kawaida ya gwarideni ni kile kinachofuata baada ya kuandika. Kila baada ya muda mfupi kikundi cha walimu huketi na kujibu maswali matano: ni kosa gani limetendeka, limetendeka wapi, saa ngapi, na nani, na mara ngapi. Programu ya kompyuta iliundwa ili kuchora majibu hayo kwa michoro, lakini maswali yenyewe yanaweza kujibiwa kwa kalamu na karatasi ya mistari.

Uzoefu wa shule zilizofuata njia hiyo umezaa kanuni ya makadirio inayotajwa sana: takriban wanafunzi 80 katika kila 100 hawahitaji zaidi ya mafunzo na mazingira mema yanayomfaa kila mtu, wapatao 15 huhitaji usaidizi wa ziada katika vikundi vidogo, na watano hivi huhitaji kushughulikiwa mmoja mmoja. Si sheria ya maumbile. Lakini huuliza swali ambalo shule nyingi hazijiulizi: ikiwa nusu ya darasa inaadhibiwa kila wiki, je, tatizo ni nusu hiyo ya watoto, au ni namna darasa linavyoendeshwa?

Takwimu vilevile zimewafichua watu wazima. Wizara ya Elimu ya Marekani ilipokusanya rekodi za mwaka wa masomo wa 2011 na 2012 kutoka shule za umma nchini humo, ilibainika kwamba wanafunzi weusi walisimamishwa masomo kwa kiwango mara tatu ya wenzao weupe, asilimia 16 dhidi ya asilimia 5. Bila hesabu kila shule ingeweza kudai kwamba ilimwadhibu kila mmoja kwa kosa lake. Hapa kwetu ubaguzi hauna lazima uwe wa rangi. Unaweza kuwa baina ya mtoto aliyelipiwa karo na asiyelipiwa, au baina ya mwana wa mjumbe wa bodi na yatima. Shule isiyohesabu haitajua kamwe kama inafanya hivyo.

Awendo, mji wa miwa

Awendo uko kando ya barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Migori, na maisha yake yamefungamana na miwa tangu Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, maarufu kama Sony, ilipoanzishwa mwaka wa 1976. Katika wadi zake nne za Sakwa, yaani Kaskazini, Kusini, Magharibi na Kati, kalenda ya shule na kalenda ya miwa haziendi pamoja. Miwa huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa, malipo yamekuwa yakichelewa mara kwa mara kwa miaka mingi, na malipo yakichelewa karo nayo huchelewa.

Hili ni jambo la nidhamu, ijapokuwa halionekani hivyo. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani Jumanne kwa sababu ya karo na asirudi hadi Jumatatu inayofuata huweza kuandikwa mtoro katika rejista ile ile inayomwandika aliyejificha kichakani akivuta bangi. Alama ni moja, sababu ni mbili, na tiba yake haiwezi kuwa moja. Hatua ya kwanza ya takwimu zenye manufaa ni kutenganisha sababu: karo, ugonjwa, kazi, msiba, na utoro wenyewe.

Kazi inastahili safu yake. Mashamba ya miwa yana vibarua vya kukata na kupakia. Machimbo ya dhahabu ya Nyatike huwavuta vijana. Fuo za Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay zina shughuli za uvuvi. Na bodaboda huhitaji tu kijana anayeweza kuiendesha. Mwalimu anayeona kwamba wavulana wale wale wanne hukosekana msimu ule ule kila mwaka anaweza kuzungumza na wazazi kabla msimu haujafika. Hali kadhalika disko matanga, zile ngoma za usiku kucha katika hafla za mazishi ambazo maafisa wa utawala wamezipiga marufuku tena na tena. Athari zake zikiwapo, zitasomeka katika rejista ya Jumatatu.

Ili kuonyesha hesabu inavyofanyika, tuchukue mfano wa kubuni. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 400 ina makosa 120 katika daftari lake la muhula mmoja. Mwalimu mkuu akilitazama juu juu atasema kwamba shule imeharibika. Akiketi na mwalimu wa ushauri nasaha na kuyagawa, anakuta kuwa 52 ni ya kuchelewa, 40 ni ya ugomvi na matusi, na 28 yaliyosalia ni mchanganyiko. Kati ya yale 52 ya kuchelewa, 31 yalitokea katika siku mbili za wiki, nazo ni siku za soko. Kati ya yale 40 ya ugomvi, 27 yalitokea penye bomba la maji, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Na makosa yote 120 ni ya wanafunzi 58, huku saba pekee kati yao wakiwa wametenda 41.

Shule ile ile iliyokuwa "imeharibika" sasa ina matatizo matatu yenye ukubwa unaojulikana. Wanafunzi 342 hawakuandikwa hata mara moja. Bomba la maji linahitaji mwalimu wa zamu kusimama hapo kwa dakika kumi na tano, au madarasa kuachiliwa kwa zamu, na hilo halihitaji adhabu yoyote. Siku za soko zinahitaji mazungumzo na wazazi, kwa kuwa huenda wanaochelewa ni wasichana wanaowabebea mama zao bidhaa alfajiri. Wale saba wanahitaji mtu mzima wa kuwajua mmoja mmoja: pengine mmoja haoni ubao vizuri, mwingine analala kwa jirani tangu mlezi wake afariki.

Kisha hesabu irudiwe muhula unaofuata. Ikiwa ugomvi bombani haujapungua, hatua iliyochukuliwa haikufaa, na ibadilishwe. Hapa pana mtego mmoja unaowanasa wengi. Muhula wa tatu ni mfupi kuliko miwili ya kwanza, kwa hivyo makosa yatapungua hata kama hakuna kilichobadilika. Hesabu ya haki ni ya makosa kwa kila siku ya masomo, au kwa kila wanafunzi 100, wala si jumla tupu.

Mtego wa pili ni maneno. "Ufidhuli" wa mwalimu mmoja ni "ucheshi" kwa mwenzake. Walimu wasipokubaliana mapema kosa gani linaitwaje, daftari litapima hasira za walimu na halitapima mienendo ya wanafunzi. Mkutano wa saa moja mwanzoni mwa muhula unatosha kuafikiana kuhusu makosa sita au saba na maana zake.

Na yale mema je? Daftari linalopokea mabaya pekee haliwezi kuitwa la tabia njema. Wataalamu hupendekeza kwamba mwanafunzi asikie maneno manne au matano ya kutambua jema alilofanya kwa kila karipio moja. Katika darasa lenye watoto zaidi ya hamsini hilo si jambo rahisi, na si ajabu mwalimu akadhani anasifu sana ilhali hasifu. Akimwomba mwenzake aketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja na kuhesabu kwa vijiti, atashangaa. Zawadi kubwa hazihitajiki. Tena zikitolewa kwa wale wale walio wa kwanza darasani kila mara, huwavunja moyo wengine. Mtoto aliyekuwa akichelewa siku nne kwa wiki na sasa anachelewa siku moja ndiye hasa anayepaswa kutajwa.

Kuwauliza watoto wenyewe

Daftari la shule, hata likitunzwa vipi, huandikwa na watu wazima. Halitasema mwalimu amempiga nani, wala kiranja amemnyang'anya nani chakula. Kwa mambo hayo, anayejua ni mwanafunzi.

Jaribio kubwa la jambo hili lilifanyika nchini Uganda, katika Wilaya ya Luwero. Shirika la Raising Voices la Kampala lilikuwa limeandaa mpango uitwao Good School Toolkit, ambao huwashirikisha walimu, wanafunzi, wasimamizi na wazazi katika kuweka malengo ya shule na kujenga nidhamu isiyo ya kupiga. Watafiti walizichagua shule 42 za msingi na kuzigawa kwa kura: 21 zikapata mpango huo kwa muda wa miezi 18, na nyingine 21 zikasubiri. Mwaka wa 2014 wanafunzi 3,820 walihojiwa faraghani. Katika shule zilizosubiri, karibu asilimia 49 walisema kwamba walipigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule zilizopata mpango, walikuwa asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2015 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health.

Asilimia 31 bado ni kubwa mno, na alama za masomo hazikupanda katika shule hizo. Lakini hazikushuka pia, na hilo ni jibu kwa wanaohofia kwamba shule isiyochapa haitasomesha.

Si kila mpango hufaulu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, walimu walipewa mafunzo ya kujizuia hasira na kusimamia darasa bila kiboko, chini ya mpango uitwao EmpaTeach. Ulipimwa kwa njia hiyo hiyo ya kulinganisha shule, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba viwango vya kupigwa havikupungua. Mtu asiyehesabu angeona walimu wakitoka mafunzoni wakitabasamu na kutangaza ushindi. Kwa mtazamo wa makala haya, ripoti ya Nyarugusu ina thamani sawa na ile ya Luwero, maana inazuia fedha na muda kutumika kwa jambo lisilobadilisha maisha ya mtoto.

Shule ya Awendo haihitaji watafiti wa kimataifa ili kuwauliza wanafunzi wake. Karatasi isiyo na jina yenye maswali matano, ikijibiwa mara moja kwa muhula na kukusanywa katika sanduku lililofungwa, inatosha: Je, wiki iliyopita ulipigwa na yeyote shuleni? Kuna mahali shuleni unapoogopa kupita? Kuna mtu mzima hapa unayeweza kumweleza shida yako? Swali la pili hasa hutoa majibu ambayo mwalimu hawezi kuyapata kwingine.

Wasichana wanaotoweka katika rejista ni suala linalohitaji uangalifu wa pekee katika eneo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Homa Bay wasichana 33 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba; ule wa mwaka wa 2022 ulionyesha 23. Kupungua huko ni jambo la kutia moyo, ingawa idadi bado iko juu ya wastani wa kitaifa wa 15. Sera ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni imekuwepo tangu mwaka wa 1994, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka wa 2020. Msichana aliyekosa siku tatu mfululizo asihesabiwe mtoro kabla mtu hajafika kwao na kuuliza.

Kabla ya moto kuwaka

Gharama ya kutosoma dalili inajulikana vyema nchini. Mnamo Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2012 wasichana wanane walifariki katika moto uliozuka bwenini katika shule ya msingi ya Asumbi, Homa Bay, si mbali sana na Awendo. Mwaka wa 2017 wanafunzi kumi walikufa katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi. Si kila moto huwashwa na wanafunzi, lakini katika mwaka wa 2016 pekee zaidi ya shule 100 zilikumbwa na visa vya uchomaji, vingi vikiwa katika muhula wa pili.

Jopo lililoongozwa na Bi Naomy Wangai lilitoa ripoti mwaka wa 2001, na jopo jingine likateuliwa baada ya visa vya 2016. Malalamiko yaliyotajwa miaka yote yanafanana: hofu ya mitihani, chakula kibaya, mabweni yaliyojaa kupita kiasi, dawa za kulevya, wakuu wa shule wasiosikiliza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuka usiku mmoja. Chakula kilichomwagwa kinaweza kupimwa kwa ndoo. Idadi ya wanafunzi wanaodai kuumwa kichwa mitihani ya majaribio inapokaribia imo katika daftari la zahanati ya shule. Barua za sanduku la maoni zinaweza kuhesabiwa kwa mada. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni anayetazama hesabu hizo kila wiki hana uhakika wa kuzuia moto, lakini ana nafasi ya kuwaita viongozi wa wanafunzi na kuwauliza kuna nini wakati bado kuna la kuzungumza.

Siri ya mtoto na mzigo wa mwalimu

Takwimu hizi zina hatari zake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka habari za kibinafsi za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha pekee ilileta faini hiyo, mwalimu mkuu na atafakari vyema kabla ya kubandika orodha ya "watukutu" ukutani au kuituma katika kundi la WhatsApp la wazazi.

Njia iliyo salama ni kutenganisha vitabu viwili. Kimoja, chenye majina, kikae chini ya kufuli ya mwalimu wa ushauri nasaha. Kingine, chenye hesabu bila majina, ndicho kijadiliwe na walimu, bodi na wazazi. Tena, rekodi ya utovu wa nidhamu ya mtoto wa Gredi ya 7 haipaswi kumfuata hadi anapohamia shule nyingine. Mtoto hubadilika upesi kuliko karatasi.

Kuna pia suala la walimu. Tangu Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipoanzisha mfumo wa kutathmini utendakazi wao, vyama vya walimu vimelalamikia wingi wa makaratasi, na malalamiko hayo yana uzito. Fomu ya nidhamu isiyojazika kwa dakika moja haitajazwa. Inatosha kuandika tarehe, saa, mahali, kosa kwa nambari, na hatua iliyochukuliwa. Kujumlisha hufanywa na mtu mmoja, mara moja kwa wiki mbili, na kikao cha kuyajadili matokeo kisizidi saa moja.

Vivyo hivyo, afisa wa elimu asizipange shule za kaunti ndogo kwa idadi ya makosa yaliyoandikwa. Siku atakapofanya hivyo, madaftari yote yatakuwa safi na hakuna atakayejua lolote. Shule inayoandika makosa mengi kwa sababu inaangalia ni bora kuliko isiyoandika kwa sababu imefumba macho.

Mzazi naye ana nafasi yake. Katika mkutano wa wazazi, kabla ya kuuliza alama za wastani, anaweza kuuliza ni siku ngapi za masomo ambazo wanafunzi walipoteza muhula uliopita kwa kurudishwa nyumbani, ni mahali gani shuleni panapotokea ugomvi zaidi, na shule imebadilisha nini baada ya kujua hivyo.

Shule inayoanza kuuliza watoto lazima pia iwe tayari kwa majibu. Katika utafiti wa Luwero, watoto 434 walipelekwa kwa mashirika ya ulinzi wa watoto kutokana na yale waliyowaeleza watafiti. Majibu ya aina hiyo hayasubiri kikao cha wiki mbili. Nchini Kenya hupelekwa mara moja kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au kituo cha polisi, na mtoto, mzazi au mwalimu anaweza kupiga simu nambari 116, ambayo hailipiwi na hupokewa usiku na mchana.